Gari linakosa nguvu kupanda Lushoto: ni hewa, ni mlima, au ni ubovu?

Ukinywa maji ya chupa Lushoto mjini, ukakaza kifuniko chupa ikiwa tupu na kuitupa kiti cha nyuma, ukifika Mombo utaikuta imebonyea mbavu. Hakuna aliyeikalia. Ndani umefungia hewa ya Lushoto, nje kuna hewa ya Mombo, na ya Mombo inakandamiza zaidi. Nimewaonyesha wateja wengi chupa hiyo, kwa sababu inakuonyesha kwa macho jambo ambalo injini inalipata kimyakimya: kule juu, kila pumzi inayovuta ina hewa pungufu.

Gereji yetu iko Ngamiani, Tanga. Magari mengi tunayoyahudumia yanaishi huku chini, usawa wa bahari, na yanapanda Usambara mara chache tu: msiba, harusi, sikukuu, au kufuata viazi na kabichi. Yakirudi, yanarudi na lawama moja: "Fundi, hili gari Tanga linaruka, Lushoto linakufa." Anayesema hivyo anastahili jibu la kweli. Nimeona mtu akiambiwa abadilishe injini nzima kwa tatizo la chujio, na nimeona mwingine akitulizwa kwa maneno ya "hiyo ni hewa ya mlimani tu" mpaka siku gasketi ilipoungua njiani.

Tuanze na kiasi, ili ujue hewa inaweza kulaumiwa hadi wapi. Tanga bandarini mgandamizo wa hewa ni takriban kilopaskali 101. Mombo, kimo cha kama mita 400, unashuka hadi kama 97. Amani, juu ya Muheza, penye kama mita 900, ni kama 91. Lushoto mjini, kwenye mita 1,400 hivi, unabaki na 86. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kwa hiyo gari lenye hosipawa 100 hapa Tanga, Lushoto lina 85 au 86. Huo ndio upungufu halali, na hakuna fundi wa kuuondoa kwa spana. Utauhisi: gari litataka gia ndogo mapema kidogo, litachelewa kuitika unapokanyaga. Lakini hosipawa 15 haziwezi kueleza gari lenye watu wawili tu linalokwama gia ya kwanza kutoka Mombo hadi Soni. Hapo kuna kitu kingine.

Kosa kubwa ninaloliona, hata kwa mafundi, ni kuchanganya hewa na mlima. Hewa ni kimo. Mlima ni mwinuko. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto, kilomita zipatazo 33, inakupa vyote viwili kwa pamoja, ndiyo maana watu wanapotea. Vitenganishe hivi. Fika Lushoto, tafuta kipande cha barabara kilicho tambarare, injini ikiwa imeshapata moto wake wa kawaida, uendeshe kama unavyoendesha Tanga. Pale mwinuko umeondoka lakini kimo kipo. Tatizo likiwa bado lipo, na ukirudi Mombo linapotea, tafuta kwenye hewa na mchanganyiko wake na mafuta: sensa, kabureta, plagi, moshi. Tatizo likiwa lilikuwepo kwenye kona za kupanda tu na hapo tambarare gari liko sawa, hewa haina kesi. Tafuta kwenye mzigo: mafuta yasiyofika ya kutosha, upoozaji, klachi, mkanda unaoteleza. Na likiwepo Tanga, likiwepo Lushoto, likiwepo Segera, basi una ubovu wa kawaida ambao mlima umeukuza tu. Tafadhali fanya jaribio hilo kabla hujaniletea gari. Majibu yake yanatuokolea nusu siku na fedha zako.

Nguvu zinakatika kwenye mwinuko, tambarare ziko sawa

Dereva anaeleza hivi: linaanza kupanda vizuri, baada ya kona kadhaa linaanza kujivuta, ukikanyaga zaidi linazidi kusita, linamisi kama linataka kuzima. Ukiacha mguu kidogo linapata nafuu. Wengi hukimbilia plagi na koili, na mara chache huwa kweli ni hizo, lakini maelezo ya "ukiacha mguu linapata nafuu" mimi huniambia: mafuta.

Kwenye gari la nozeli za umeme, pampu iko ndani ya tenki, na chini yake pana chujio laini kama soksi. Hapa Tanga, ukiwa unazunguka Chumbageni hadi Majani Mapana, injini haiombi mafuta mengi. Hata chujio lililoziba nusu linatosha. Kupanda Soni ukiwa umepakia, injini inaomba mafuta mengi kwa nusu saa mfululizo, na hapo ndipo chujio lililoziba linapoumbuka. Kuna Noah moja iliyoletwa kwetu ikitokea huko juu. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa injini imechoka, kompresheni haipo, atafute nyingine. Tulifunga geji kwenye bomba la mafuta: silo, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, ilionyesha psi 42, sawa kabisa. Tukaipeleka barabarani na geji imefungwa, kijana wangu akiisoma. Ikikanyagwa kwa muda, mshale ulishuka taratibu hadi 25. Tulitoa pampu. Lile chujio lilikuwa jeusi kama kaniki, na tulipolisuuza kwenye beseni la petroli ukatulia chini mchanga laini, wa kujaa kijiko. Chujio jipya, tenki likasafishwa, gari likarudi milimani na watu saba.

Somo la kiufundi hapo ni kwamba geji ya mafuta lazima isomwe gari likiwa kazini. Presha ya silo haithibitishi chochote.

Kama mafuta yako sawa, angalia njia ya kutolea moshi. Masega ya ekzosti, yaani kichujio cha moshi kilicho kwenye bomba la kutolea moshi, yakiziba, gari linakuwa kama mtu anayekimbia huku kazibwa pua: silo nzuri, mwendo mdogo mzuri, mzigo ukija linakaba. Dalili ya ziada ni joto kali chini ya sakafu na harufu ya yai viza. Eya klina nayo, ingawa wengi huiweka ya kwanza, siyo ya kudharau. Magari yanayopita barabara za vumbi za mashambani hujaza eya klina haraka kuliko kitabu kinavyosema. Itoe, iangalie kwenye mwanga wa jua. Usipoona mwanga ukipenya, usiipulize kwa kompresa ukajidanganya, nunua nyingine.

Na klachi. Ukisikia injini inapaza sauti lakini gari haliongezi mwendo, halafu harufu ya kuungua inaingia ndani, hiyo ni klachi inateleza.

Nguvu hakuna hata tambarare ya Lushoto, Mombo zinarudi

Sasa tuko kwenye hewa yenyewe. Gari la kisasa linatakiwa lijue kwamba limepanda. Kuna namna mbili. Mengine yana sensa inayopima uzito wa hewa inayoingia kwa waya wa moto. Hiyo haihitaji kuambiwa kimo, hewa ikiwa pungufu inapima pungufu na kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inapunguza petroli. Mengine yana sensa inayopima mgandamizo ndani ya manifodi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, na kila unapofungua swichi kabla ya kuwasha, inasoma mgandamizo wa hewa ya nje ili ijue iko wapi.

Hiyo ya pili inakupa kipimo kizuri ambacho hakigharimu kitu ikiwa fundi ana mashine ya kusomea. Fungua swichi, usiwashe injini, soma namba ya mgandamizo wa manifodi. Tanga lazima ikaribie 101. Lushoto ikaribie 86. Nikiona gari limesimama hapa Ngamiani na sensa inasema 88, najua sensa inaongopa: inamwambia kontroboksi kuwa tuko mlimani, inanyima injini petroli huku chini. Na kinyume chake, ikisoma 101 ukiwa Lushoto, injini inamwagiwa petroli ya Tanga kwenye hewa ya mlimani. Gari linakuwa zito, linakula mafuta, plagi zinakuwa nyeusi. Kabla ya kununua sensa, chomoa kibomba chake cha mpira ukikague. Mara nyingi kimepasuka au kimejaa mafuta machafu ya injini.

Kwa zile za waya wa moto, uchafu ukishika waya sensa hupima hewa kidogo kuliko iliyopo. Isafishwe kwa dawa yake ya kupuliza. Usiguse waya kwa kitambaa wala kidole, unakatika.

Baadhi ya magari ya zamani kidogo yana tabia nyingine: husoma kimo pale tu unapofungua swichi, au unapokanyaga mafuta hadi mwisho. Ukipanda kutoka Mombo bila kuzima, kwa mwendo wa upole, unaweza kufika juu kontroboksi bado ikiamini iko chini. Dawa yake ni nyepesi. Simama Soni, penye maporomoko, zima gari dakika moja, washa. Nimewaambia wateja kadhaa wenye magari ya aina hiyo wafanye hivyo, na huwa inasaidia.

Linachemsha

Hapa ndipo nataka uwe makini zaidi, maana kukosa nguvu kunakuchelewesha, kuchemsha kunakufilisi.

Maji wazi huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300 hivi, yanachemka nyuzi moja mapema. Kwa hiyo Lushoto sufuria linachemka kwenye nyuzi 95 au 96, na mama yeyote aliyehamia kule atakwambia maharage yake yanachelewa kuiva. Kwenye rejeta, kinachozuia hilo ni mfuniko. Mfuniko wenye alama ya 1.1 unafungia presha ndani, na maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 120 hapa Tanga. Lushoto unapoteza nyuzi mbili au tatu tu. Huo ni upungufu mdogo ambao gari zima linaumudu.

Lakini mfuniko ukiwa mpira wake umekauka, hesabu inabadilika kabisa. Presha haikai, na maji yako yanachemka kwenye 95, kama ya sufuria. Sasa kumbuka feni nyingi za umeme zinaanza kuzunguka karibu na nyuzi hizohizo. Yaani maji yanachemka wakati feni ndiyo kwanza inaamka. Gari hilohilo Tanga linaweza kwenda mwaka mzima bila dalili. Ndiyo maana mfuniko ni kitu cha kwanza ninachokishika gari likija na kesi ya kuchemsha mlimani. Pindua, bonyeza springi kwa kidole gumba, tazama ule mpira: ukiwa na mkwaruzo wa mduara ulioingia ndani au umekuwa mgumu kama plastiki, tupa. Ununue wenye namba ileile iliyoandikwa, siyo ulioingiana nyuzi tu.

Hilo la mfuniko linahusu kimo. Mengine yote ya kuchemsha ni ya mwinuko: gari linakwenda polepole, upepo haupigi rejeta vizuri, injini inafanya kazi kubwa. Rejeta iliyoziba katikati utaijua kwa kupitisha kiganja mbele yake gari likiwa limepata moto na limezimwa. Sehemu zilizoziba zitakuwa za baridi katikati ya joto. Feni ya klachi iliyochoka inazunguka legelege ukiisukuma kwa mkono injini ikiwa ya moto na imezimwa. Wota pampu yenye mapanga yaliyoliwa na kutu ni matokeo ya kuendesha miaka mingi kwa maji ya bomba badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Maji yetu ya pwani yana chumvi, yasiingie kwenye rejeta kabisa.

Ukiona mshale unapanda ukiwa kwenye kona, usizime injini ghafla. Zima kiyoyozi, sogea pembeni mahali salama, acha injini ingurume silo huku feni inazunguka, mshale ushuke kwanza. Na usifungue mfuniko. Kule juu, ukifungua mfuniko wa rejeta ya moto, presha ikitoka tu maji yote yanachemka kwa mara moja na kukurukia usoni. Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi kwetu ana kovu la shingoni kwa sababu ya sekunde hiyo moja, na ndiyo maana silisemi hili kwa upole.

Tamostati iliyotupwa

Sehemu hii nitaikalia kidogo kwa sababu ni ugonjwa wa pwani yetu. Gari likichemsha Tanga, fundi anatoa tamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, na kuitupa. Maji yanazunguka muda wote, mshale unatulia, mteja anafurahi. Miezi inapita. Mwezi wa Juni au wa Julai mteja anapanda Lushoto, baridi imekaa kwenye mabonde, na hapo gari linaanza visa: asubuhi haliwaki vizuri, likiwaka silo iko juu na haishuki, linanuka petroli, safari ya kurudi tenki limeisha kabla ya Korogwe.

Kinachotokea ni hiki. Kontroboksi inasubiri injini ifike moto wake, nyuzi 80 na kitu, ndipo iache kumwaga petroli ya kuwashia. Bila tamostati, kwenye baridi ya Lushoto, injini haifiki. Inabaki kwenye 60, wakati wa kushuka mlima hata chini ya hapo, na kontroboksi inaendelea kuamini kuwa gari limewashwa sasa hivi. Petroli ya ziada inaosha oili kwenye kuta za silinda. Na kwa kuwa injini haipati moto, unyevu ndani yake haukauki: ukifungua kifuniko cha oili utakuta ute wa rangi ya maziwa, na mtu asiyejua atakwambia gasketi imeungua.

Kuna mama mfanyabiashara wa mboga mwenye Kirikuu aliyeniletea kesi hiyo. Alikuwa ameshaandaa fedha za gasketi.

"Mwanangu, wameniambia maji yameingia kwenye oili."

"Mama, mshale wa joto huwa unafika wapi ukiwa kule juu?"

"Haunyanyuki. Ndiyo nikawa nasema gari langu halichemshi, lina afya."

Tulifungua nyumba ya tamostati, ikawa tupu. Tuliweka mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82, tukabadilisha oili, tukasafisha plagi. Ute haukurudi. Fedha za gasketi alinunulia matairi mawili ya nyuma.

Kwa hiyo mshale usionyanyuka nao ni dalili. Kama gari linachemsha, tibu kinacholichemsha, na tamostati ibaki mahali pake.

Moshi mweusi

Moshi mweusi maana yake mafuta yamezidi hewa, basi. Kwenye dizeli za zamani za pampu ya mitambo, zisizo na turbo, pampu haijui imepanda. Inapeleka dizeli ileile ya Tanga kwenye hewa ya Lushoto iliyopungua, na kiasi kisichopata hewa kinatoka kama masizi. Moshi mwepesi wa kijivu kizito wakati wa kupanda na mzigo ni wa kutegemea. Moshi mzito unaofunika gari la nyuma, hapana. Angalia eya klina, nozeli, halafu uulize swali moja: kuna mtu aliyeongeza mafuta kwenye pampu?

Mara nyingi jibu ni ndiyo. Dereva analalamika Fuso halipandi na mifuko ya saruji, fundi anafungua skrubu ya injekta pampu na kuongeza. Kwa siku mbili linaonekana limepata nguvu. Lakini kule juu dizeli haikuwa imepungua, kilichopungua ni hewa. Umeongeza kile ambacho kilikuwa tayari kimezidi, na sasa joto la moshi linapanda mpaka linapasua hedi au kutoboa pistoni. Skrubu ile iachwe na mtu asiye na vipimo.

Dizeli zenye turbo hazina kisingizio hicho. Turbo yenyewe inaongeza kasi na kuziba sehemu kubwa ya pengo la hewa. Kwa hiyo dizeli ya turbo inayotoa moshi mweusi na kulegea Lushoto, tafuta bomba la hewa lililopasuka kati ya turbo na manifodi. Mwaga maji ya sabuni kwenye maungio, mtu akanyage mafuta, utaona povu. Huku chini mpasuko mdogo hausikiki. Kule juu turbo inafanya kazi zaidi, na hewa inayovuja ni ileile uliyokuwa unaihitaji.

Pikipiki na kabureta

Bodaboda nyingi bado zina kabureta, na kabureta haina ubongo. Ukipanda mpaka Lushoto, hewa inayoingia inapungua karibu asilimia 13 kwa uzito, lakini petroli inayofyonzwa inapungua kama nusu ya hapo tu. Mchanganyiko unakuwa mzito. Pikipiki inakuwa na sauti nzito, inakula mafuta, plagi inakuwa nyeusi ya masizi makavu yanayofutika kwa kidole.

Kwa safari ya siku mbili usiguse kitu. Safisha plagi, vumilia. Kama chombo kinahamia Lushoto kabisa, au Mlalo, au juu zaidi Magamba, fundi wa kule aweke jeti (kitundu cha kupitishia petroli) ndogo zaidi kidogo na arekebishe skrubu ya hewa, ni sawa kabisa.

Ninachokuomba ni kukumbuka upande wa pili. Pikipiki iliyorekebishwa Lushoto ikishuka Tanga inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Inakwenda kwa wepesi wa kudanganya, inaungua joto, inagonga ukiipakia abiria wawili, na plagi inakuwa nyeupe kama chokaa. Hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu mchanganyiko mzito unachafua tu, lakini mwepesi unayeyusha pistoni. Ukinunua pikipiki iliyokuwa ikifanya kazi milimani, kitu cha kwanza ukifika Tanga ni kutoa plagi na kutazama rangi. Kahawia ya biskuti, endelea. Nyeupe, peleka kwa fundi kabla hujabeba mtu.

Geji zinazosingizia

Lile neno la "kompresheni haipo" kwenye Noah niliyoitaja halikutokana na uongo wa mtu. Geji ya kompresheni hubana hewa iliyopo. Injini nzima inayosoma psi 180 hapa Tanga, Lushoto itasoma kama 153, bila kuharibika chochote. Fundi anayelinganisha namba hiyo na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari atahukumu injini nzima kuwa mbovu. Kule juu linganisha silinda na silinda. Zote nne zikiwa 150 na kitu, ni hewa. Tatu zikiwa 153 na moja 100, hiyo moja ina tatizo la kweli. Geji ya mvuto wa manifodi nayo inashuka: inchi 20 za Tanga zinakuwa 15 na kitu.

Safari ya kushuka

Huo mvuto uliopungua ndio unaosaidia mguu wako kwenye breki. Haidroveki, lile kopo linalotumia mvuto huo kukuongezea nguvu ya breki, inakaa na akiba ndogo zaidi kule juu, kwa hiyo ukikanyaga na kuachia, kukanyaga na kuachia, mara ya tatu au ya nne unaweza kukuta kanyagio limekuwa gumu. Kama ni gumu hata baada ya kuacha injini ingurume kidogo, kagua mpira wa haidroveki na valvu yake. Kanyagio likiwa laini, linazama hadi chini baada ya kona nyingi, hilo ni jambo jingine kabisa: mafuta ya breki yamechemka. Ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishavuta unyevu hushuka hadi 140 hivi, na unyevu wa pwani hauna mchezo. Yabadilishe kila miaka miwili. Shuka kwa gia uliyopandia, gari la otomatiki liweke kwenye 2 au L, usiliachie kwenye D huku umekalia breki.

Na dalili moja ya mwisho ambayo imewasumbua watu wengi pale Mombo. Gari limeshuka salama, linafika tambarare, linaanza kusita, linazima. Linakataa kuwaka, au linawaka na kuzima tena. Kabla ya kuita gari la kuvuta, fungua kifuniko cha tenki la mafuta. Ukisikia linavuta pumzi ndefu ya "fyuuu" kuingia ndani, umepata jibu: tundu la kupumulia limeziba. Tenki lilifungwa na hewa ya Lushoto ndani yake, hewa ya nje ikazidi kuwa nzito kila kona, na pampu ikawa inang'ang'ania petroli dhidi ya mvuto. Ni ile chupa ya maji tena, ila safari hii ni ya bati. Kifunge kifuniko kwa ulegevu, endesha mpaka Korogwe taratibu, ukalisafishe tundu au ununue kifuniko kingine.